Trei, sahani na kikasha cha magugu maji: uso laini unatoka wapi?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Mezani hapa Kisumu leo tuna vifungashio vitatu vya nyuzi: trei ya mayai 30 ya karatasi kuukuu, sahani ya makapi ya miwa, na kikasha cha matunda cha magugu maji yaliyochanganywa na katoni. Nguvu tutaipima siku nyingine. Leo tunapima uso, maana ndio unaobeba lebo, ndio mteja anaoupapasa kwanza, na ukiwa mbaya ndio unaomwaga vumbi kwenye chakula.

Trei kwanza, na hapa sikawii. Sogeza kamera. Upande huu una miraba midogo midogo, ndipo nyuzi zilipolalia wavu wa kuchujia rojo, yaani nyuzi zilizokorogwa kwenye maji. Upande wa pili una vinundu na mabonde kwa sababu haukuguswa na kitu: pampu ilivuta maji kupitia wavu, nyuzi zikatulia zilivyotulia, trei ikakaushwa bila kubanwa. Kwa mayai hiyo si kasoro hata kidogo. Yai linataka ukuta mnene unaonepa kidogo. Ukiipeleka trei kwenye presi ya moto ili ing'ae, utalipa umeme ambao mwenye kuku hatakurudishia.

Sasa sahani. Hii ni laini pande zote mbili, kwa sababu ilibanwa ikiwa bado mbichi kati ya kalibu mbili za moto, kwa kawaida digrii 160 hadi 200. Lakini tazameni nikiwasha tochi ya simu nyuma yake. Katikati mwanga unapita sawasawa. Karibu na ukingo kuna mawingu, sehemu nyeusi na sehemu nyeupe. Nikiiinamisha dirishani, palepale penye mawingu uso unang'aa kwa vipande na kufifia kwa vipande. Sehemu nene zilibanwa barabara, nyembamba hazikuigusa kalibu vizuri. Presi haiwezi kurekebisha hilo. Limeharibika zamani, kwenye pipa la rojo.

Rojo ya kazi ya uso laini inatakiwa iwe nyepesi sana: karibu kilo 1 ya nyuzi kavu kwa lita 100 za maji, hata chini ya hapo. Wengi hupunguza maji ili kazi iende haraka, kisha nyuzi hushikana mabonge kama uji usiokorogwa. Kadiri nyuzi zilivyo ndefu ndivyo zinavyosokotana zaidi, kwa hiyo rojo ya katoni za kahawia inahitaji maji mengi kuliko ya magazeti. Na kukoroga kusikome. Rojo ikitulia dakika chache, nyuzi nzito zinazama, na vifungashio vya mwisho vya pipa havifanani na vya kwanza.

Kusaga nako kuna kipimo chake. Nyuzi zilizosagwa kidogo ni ngumu, zinasimama na kuuacha uso ukiwa na vinyweleo. Zilizosagwa kupita kiasi zinafunga maji: rojo inachuja polepole, kifungashio kinatoka kimelowa mno, kikikauka kinajikunja na kupinda. Angalieni muda wa kuchuja. Ukirefuka ghafla bila wewe kubadilisha kitu, ama umesaga mno ama wavu umeziba.

Kwa makapi ya miwa kuna jambo ambalo ukilipuuza hutafika popote, nalo ni uboho. Huku kwetu makapi hayakosekani, kuanzia Muhoroni na Chemelil hadi Nzoia, ingawa viwanda vyenyewe huyachoma kwenye boila. Ndani ya makapi hayo kuna chembe laini kama sifongo zisizo nyuzi. Zinakunywa maji, hazishikani, zinaziba wavu, na usoni zinaacha mabaka yanayochubuka kwa ukucha. Zipondwe na kuchekechwa zitoke kabla ya kupika na kostiki soda. Upishi ukiwa hafifu, utaona vijiti kama hiki hapa, cha rangi ya majani makavu. Presi imekilaza tu, haikukiyeyusha.

Neno kuhusu uji wa muhogo, maana wengi wanaumwaga kwenye pipa wakitumaini uso utakuwa mgumu. Wanga wa kawaida kama huo haushiki nyuzi vizuri, kwa sababu nyuzi zina chaji hasi na wanga huo hauna chaji chanya ya kuuvuta kwao. Sehemu kubwa inatoka na maji, na kwa kuwa maji hayo yanazungushwa na kutumika tena, siku chache baadaye yananuka na kuweka utelezi. Nunua wanga wenye chaji chanya, ule wa viwanda vya karatasi, uupike, uanze na asilimia 1 ya uzito wa nyuzi kavu.

Vitundu vidogo kama vya sindano vinatokana na povu. Mara nyingi bomba la kurudisha maji linamwaga kutoka juu na kuingiza hewa. Lishushe mdomo wake chini ya maji kabla hujanunua dawa ya kuua povu.

Wavu wa stenlesi wenye matundu 40 hadi 60 kwa inchi ndio wa kawaida. Mwembamba zaidi unapunguza alama za miraba, ila unaziba upesi, basi uoshwe kwa maji ya presha kila zamu. Maungio ya wavu yawekwe mahali pasipoonekana, kwa sababu kila kifungashio kitayabeba.

Tukifika kwenye presi, shida kubwa ni malengelenge. Kifungashio kikitoka kwenye wavu, karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Ukikifungia ghafla kwenye kalibu ya moto, mvuke unakosa njia na kutenganisha tabaka. Kibane kwanza bila moto kitoe maji, kisha funga presi taratibu, na matundu ya mvuke yawe wazi. Ukifungua ukasikia mlio wa kupasuka, umefungua mapema, ndani bado kuna mvuke. Ngozi ya uso ikibaki kwenye kalibu, chunguza gundi ya seloteipu iliyoingia na karatasi.

Kikasha cha magugu maji ndicho kilichonigusa zaidi, kwa kuwa Ghuba ya Winam inatuletea malighafi hiyo bila kuombwa. Uso wake hapa ni wa kati. Nikipitisha kitambaa cheusi, mnaona vumbi hili la kahawia, na pembe moja imepinda. Mmea mbichi ni maji zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo kilo 100 hazikupi hata kilo 10 kavu, na unasinyaa sana ukikauka. Tumia mashina peke yake, mizizi iache na matope yake. Ningeanza na sehemu 3 za magugu kwa sehemu 7 za katoni, kisha nikikaushie kwenye kalibu badala ya juani ili kisipinde.

Kama ni kwa ajili ya chakula, kuzuia maji hufanywa kwa AKD, kemikali kama nta inayotiwa kwenye rojo, na inahitaji joto la kukaushia ili ifanye kazi. Kwa kuzuia mafuta, muulize muuzaji moja kwa moja kama ametumia PFAS. Hizo ni kemikali zisizooza, na Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kuwa zimeacha kuuzwa huko kwa kazi hiyo. Sahani inayozuia mafuta ya samaki wa moto huku muuzaji akishindwa kukuambia ilitiwa nini, mimi singeinunua hata uso wake ukiwa kioo.