Mikanda ya Taa za Sumaku kwa Kasha la Kompyuta: Inafaa, kwa Masharti

Jozi ya mikanda ya taa za LED ninayoitathmini hapa haina jina kubwa. Inauzwa katika maduka ya vifaa vya kompyuta Kariakoo, ndani ya kiboksi cheusi kisicho na maelezo yoyote zaidi ya picha ya kasha linalong'aa rangi zote za upinde wa mvua. Kila mkanda una urefu wa sentimita 30 na taa 20, umefunikwa kwa silikoni nyeupe, na mgongoni una sumaku. Nimeifunga katika kasha la chuma lenye ubavu wa kioo, na kwa bei yake nimeridhika nayo.

Silikoni ndiyo inayoipa thamani. Mikanda iliyo wazi, ambayo ndiyo mingi na rahisi zaidi sokoni, huonyesha kila taa kama nukta inayochoma macho, na nukta hizo hujirudia kwenye kioo. Mikanda hii yenye silikoni hutawanya mwanga hadi ukaonekana mstari mmoja laini. Hata hivyo mahali pa kuiweka pana uzito kuliko mkanda wenyewe. Niliufunga mmoja juu na mwingine chini, yote miwili ikiwa imejificha nyuma ya ukingo wa fremu karibu na kioo, ili anayetazama aone feni na kadi ya michoro zikimulikwa, asizione taa zenyewe. Kasha lililopakwa rangi nyeusi ndani hunyonya sehemu kubwa ya mwanga, kwa hiyo mwenye kasha jeupe atafaidi zaidi.

Sumaku zinashika barabara kwenye chuma, lakini hazishiki kabisa kwenye alumini wala plastiki. Mwenye kasha la namna hiyo atalazimika kutumia gundi, na gundi ya mikanda ya bei rahisi, kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam, hulegea mapema, mkanda ukaning'inia juu ya feni.

Jambo linalotaka uangalifu mkubwa ni umeme. Mikanda hii ni ya volti 5 na plagi yake ina matundu 3, yaani ni ya aina ambayo kila taa huweza kupewa rangi yake. Madabodi nyingi (madabodi ni bodi kuu inayounganisha vifaa vyote vya kompyuta) zina pia pini 4 za volti 12 kwa ajili ya mikanda ya zamani inayobadili rangi yote kwa pamoja, na plagi ya volti 5 ikilazimishwa pale, taa zinaungua. Baadhi ya plagi za bei rahisi hazina kizibo cha kuzuia kosa hilo, basi ni vyema kusoma maandishi yaliyochapishwa kwenye madabodi kabla ya kuchomeka chochote. Kiasi cha umeme nacho kina mpaka: sehemu moja ya kuchomekea kwa kawaida huruhusu ampea 3, na taa moja ya aina hii ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote hufikia takriban miliampea 60. Taa 40 za jozi hii hutumia ampea 2.4, ambazo hazina tatizo. Ukiongeza hapo feni tatu zenye taa 8 kila moja, unafika ampea 3.84, na hapo ndipo unapohitaji kidhibiti kinachochukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye pawa saplai.

Rangi nyekundu, kijani na buluu zimekolea vizuri. Nyeupe ndiyo dhaifu: huundwa kwa kuchanganya hizo tatu, nayo inaelekea ubuluu, isipokuwa mwishoni mwa mkanda wa pili, pale volti zinapopungua, ambapo huwa na unjano kidogo. Anayetaka mwanga mweupe safi wa kumulikia vifaa vyake asiinunue.

Kuiongoza si kazi ngumu. Programu za watengenezaji wa madabodi, kama Aura Sync ya ASUS au Mystic Light ya MSI, huitambua kupitia madabodi, ingawa kwa maoni yangu programu hizo ni nzito mno kwa kazi ya kubadilisha rangi tu. OpenRGB, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi, inafanya kazi hiyo bila makeke.

Anayelala chumba kimoja na kompyuta yake atakerwa na taa kubaki zikiwaka baada ya mashine kuzimwa. Hilo si kasoro ya mikanda. Madabodi nyingi huendelea kupeleka umeme kidogo hata zikiwa zimezimwa, na dawa yake ni kuingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya madabodi, na kuwasha kipengele kinachoitwa ErP, ambacho hukata umeme huo.

Kwenye rafu hiyo hiyo kuna jozi nyingine yenye rimoti, na bei yake ni ya chini zaidi. Hiyo haiunganishwi na madabodi hata kidogo, rangi zake haziwezi kwenda sambamba na za feni, na rimoti ikipotea hubaki na rangi iliyokuwapo mara ya mwisho. Tofauti ya bei inastahili kulipwa.