Cha kununua ili paka asikuamshe saa kumi alfajiri

Paka wangu anaitwa Chausiku, na kwa miezi karibu minane alilitendea haki jina lake. Saa kumi na dakika ishirini, kabla muadhini hajakohoa kwenye kipaza sauti, anaanza na chandarua. Anakikwaruza taratibu pembeni, ukucha mmoja mmoja, kama fundi anayekagua kitambaa. Nisipotikisika anahamia mezani na kusukuma kifuniko cha kalamu mpaka kianguke. Nami naamka, namwagia punje chache za chakula ili anyamaze, narudi kulala. Kumbe nilikuwa namlipa mshahara.

Hapa nimepanga vitu nilivyonunua, nilivyojitengenezea na nilivyojutia, kwa kipimo kimoja tu: je, kinatenganisha kuamka kwako na kula kwake? Paka kwa asili huchangamka jua likizama na kulipopambazuka, na hilo halibadilishwi kwa pesa. Kinachobadilika ni imani yake kwamba ukifumbua macho, bakuli linajaa.

Ila kabla hujatoa hata shilingi, mwangalie paka mwenyewe. Akiwa na miaka kumi na zaidi na ameanza ghafla kulia usiku, nenda kwa daktari wa mifugo. Tezi ya shingoni iliyozidisha kazi, figo, shinikizo la damu, vyote humliza paka usiku, na hakuna duka linalouza dawa ya hayo kwenye rafu ya midoli. Na kama ni jike ambaye hajafungwa kizazi, huenda anayemlilia si wewe. Ulaya joto la paka, yaani kipindi cha kutaka dume, hupungua majira ya baridi kwa sababu mchana unakuwa mfupi. Huku kwetu karibu na ikweta mchana ni saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, kwa hiyo anaweza kuwa kwenye joto mwezi wowote, na asipopandwa linarudi baada ya wiki mbili au tatu. Hapo pesa zako zote zipeleke kwenye upasuaji. Dume naye ni hivyo hivyo, ahasiwe.

Namba 1: mashine ya kulishia yenye saa

Hii ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu Chausiku sasa anaililia mashine, halii kwangu. Ziko za aina nyingi. Mimi ningechagua hivi.

Itumie betri, au umeme pamoja na betri. Ya umeme peke yake, siku umeme ukikatika usiku na saa yake ikarudi sifuri, utaamshwa na paka mwenye hasira maradufu. Inayoendeshwa kwa simu siioni maana yake. Hutaki kuamka kwa ajili ya paka, halafu uanze kuhangaika na kifurushi cha intaneti.

Kifuniko kiwe cha kujifunga kwa kuzungusha au kubana. Chausiku aliiangusha ya kwanza kutoka juu ya kabati usiku wa pili, akala chakula cha siku tatu, akatapika kwenye kapeti. Sehemu ya kutokea chakula iwe pana, maana hewa ya pwani huvilainisha vipunje vikaganda na kukwama. Usimwage humo mfuko mzima. Jaza cha siku mbili tatu. Na sisimizi! Weka mashine ndani ya sinia lenye maji kidogo, la sivyo watafika kabla ya paka. Chakula cha kopo usikiache usiku kucha kwenye joto hili.

Sasa kuitega. Mashine inahesabu saa za kizungu. Mimi niliandika 10:00 nikijua ni saa kumi, nikalala kwa amani. Chakula kilitoka saa nne asubuhi, na hadi hapo nilikuwa nimekwaruzwa vya kutosha. Saa kumi alfajiri ni 04:00. Anza robo saa kabla ya muda anaokuamsha, ili akute chakula kabla hajakufikiria wewe. Kisha kila baada ya siku tatu sogeza mbele dakika kumi. Chausiku alifika saa kumi na moja na nusu bila kugundua kwamba anaibiwa.

Chakula hicho kikatwe kwenye posho ya siku, kisiwe nyongeza. Paka mzima wa kilo 4 anatosheka na takriban gramu 50 hadi 60 za chakula kikavu kwa siku. Soma mfuko wako, maana vinatofautiana.

Namba 2: fimbo ya kuchezea

Kijiti, uzi na manyoya mwishoni. Kwa bei ndiyo ingekuwa ya kwanza, lakini inakudai wewe mwenyewe kila usiku. Mwindishe dakika kumi au kumi na tano kabla hujalala, manyoya yakijificha nyuma ya mto kama panya halisi, kisha mpe mlo wake wa mwisho. Akishawinda na kula, atajilamba, halafu atalala. Ukimaliza ifungie kabatini. Uzi ukimezwa unaweza kuukata utumbo.

Namba 3: chakula cha kutafuta

Usinunue. Chukua trei ya mayai, tawanya punje kwenye mashimo, funika baadhi kwa karatasi zilizofinyangwa. Iache jikoni ukienda kulala.

Namba 4: pazia zito

Linasaidia kidogo kama dirisha linaangalia mashariki, au kama taa ya jirani huvutia wadudu kiooni. Aliyekwisha jifunza kukuamsha gizani hatajali pazia.

Vya kuacha dukani

Chupa ya kumpulizia maji. Atakuogopa wewe, na njaa itabaki pale pale. Maziwa ya usiku pia, ambayo kila shangazi atakushauri: paka wakubwa wengi hawayameng'enyi vizuri, na utaamshwa na jambo baya kuliko mlio. Jirani yangu alinishauri nimpe robo ya kidonge cha mafua asinzie. Jamani, hapana. Vidonge vingi vya mafua vina parasetamoli, na parasetamoli ni sumu kwa paka, hata nusu kidonge inaweza kumuua.

Cha mwisho ni cha kwako: vizibo vya masikio. Ukiacha kumlipa, siku za mwanzo atazidisha kelele, kwa sababu mbinu iliyokuwa ikifanya kazi imegoma naye anajaribu kwa nguvu zaidi. Ukiinuka siku ya tano umemfundisha kwamba siku tano za kulia ndiyo bei. Basi ziba masikio, ulale. Asubuhi vitie kwenye droo, maana sifongo ikimezwa inaziba utumbo. Vyangu viliishi usiku mbili. Wa tatu nilimkuta Chausiku sebuleni akipiga kimoja chenga kama Pelé.