Uzoefu wangu na CNC ndogo ya 3018: kaza kwanza, namba baadaye

Mashine niliyonunua ni ile CNC ya mezani, yaani mashine ya kukata na kuchonga inayoongozwa na kompyuta, inayojulikana kwa namba 3018. Namba hiyo ni eneo lake la kazi, yaani milimita 300 kwa 180, na biti, yaani kisu kinachozunguka, inaweza kupanda na kushuka kwa kama milimita 45. Inakuja vipande vipande: fremu ya alumini yenye mifereji, fito za chuma, mota tatu za hatua (zinazozunguka kwa hatua ndogondogo zinazohesabika), skrubu ndefu zenye nati za shaba, bodi ya umeme, na mota ya kuzungushia biti. Nimeitumia kukata plaiwudi, kuchonga maandishi kwenye akriliki na kutengeneza bodi za saketi. Kwa kazi hizo naipenda sana. Ila anayeitaka ajue mapema kwamba kilichomo ndani ya boksi bado hakijawa mashine sahihi. Usahihi wake unapatikana wakati wa kuiunga, na mwingi uko kwenye bolti, si kwenye kompyuta.

Kijitabu kinachokuja nayo kinaonyesha kipi kiingie wapi, basi. Hakisemi neno juu ya kunyoosha fremu, na hapo ndipo kazi inapoanzia. Mimi nilifunga bolti zote kwa vidole tu, nikaiweka fremu juu ya kioo kinene, nikapima kutoka kona hadi kona kwa pande zote mbili. Vipimo viwili vikilingana, fremu iko mraba, yaani kona zake ni za nyuzi 90. Baada ya hapo unakaza kwa zamu, kidogo kidogo, huku ukipima tena, kwa sababu bolti moja ikikazwa kwa pupa huvuta fremu nzima. Kisha, umeme ukiwa umezimwa, zungusha kila skrubu ndefu kwa mkono kutoka mwisho hadi mwisho. Iwe na uzito uleule njia nzima. Ikiwa nzito upande mmoja, fito hazijakaa sambamba: legeza vishikizo vya upande huo, peleka behewa la mota (sehemu inayoteleza juu ya fito) hukohuko, ndipo ukaze.

Yangu ilitoka kiwandani na kasoro moja iliyonisumbua. Vile viskrubu vidogo vinavyobana kiungio kati ya mota na skrubu ya mhimili wa Z (mwelekeo wa juu na chini; X na Y ni miwili ya mezani) vilikuwa vimelegea. Dalili yake inadanganya: mchongo unaanza vizuri, halafu kila biti inapopanda na kushuka inazidi kuzama, mpaka mwisho wa kazi kina si kile ulichoagiza. Mtu anaweza kulaumu faili siku nzima. Njia ya kuibaini ni kalamu ya wino mzito: chora mstari mmoja unaopita juu ya shafti ya mota, kiungio na skrubu. Mstari ukikatika baada ya kazi, kuna kinachoteleza. Nimechora mistari hiyo kwenye mihimili yote mitatu na huiangalia kila mara.

Upande wa umeme haukuwa mgumu. Bodi inaendeshwa na GRBL, programu huria iliyoanzishwa na Simen Svale Skogsrud mwaka 2009, ambayo inatosha ndani ya chipu ya ATmega328P, ileile iliyomo kwenye Arduino Uno. Kwa programu ndogo kiasi hicho, kazi inayofanya inastahili heshima. Kompyuta ilihitaji dreva ya CH340, yaani programu ya kuitambua chipu ya USB ya bodi, na kasi ya mawasiliano ya 115200. Mashine isipoonekana kwenye kompyuta, badilisha kwanza kebo, maana kebo nyingi za USB zilizozagaa nyumbani ni za kuchajia tu, hazipitishi data. Kutuma faili natumia Universal Gcode Sender. Wengine hutumia Candle, ambayo ni nyepesi zaidi, nayo inafaa.

Sasa namba. Ukiandika $$ kwenye programu hiyo ya kutuma faili unapata orodha ya mipangilio yote ya GRBL, na watu wengi hukimbilia $100, $101 na $102, yaani hatua kwa kila milimita ya X, Y na Z. Kwenye mashine yangu zote ni 800, na namba hiyo ina sababu zake: mota inapiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja, bodi inagawa kila hatua mara 16, inakuwa 3200, na skrubu inasogeza behewa milimita 4 kwa kila mzunguko. 3200 ukigawa kwa 4 ni 800. Utashauriwa uagize milimita 100, upime kwa kalipa (kipimo cha taya), na ukipata 99.2 upandishe namba mpaka vipimo vikubaliane. Sikubaliani na ushauri huo. Skrubu haijabadilika urefu. Milimita inayopungua imepotelea mahali fulani, mara nyingi kwenye nati inayocheza, yaani isiyobana vizuri kwenye skrubu, na ukiificha kwa kubadilisha 800 kuwa 806, mistari mirefu itatoka mirefu kupita kiasi huku matundu madogo yakibaki na kasoro ileile.

Kujua kama nati inacheza, tumia geji ya mshale, ile inayoonyesha msogeo mdogo kwa mshale. Sogeza mhimili upande mmoja milimita moja moja mara kadhaa, halafu urudishe milimita moja. Kile kinachopungua kwenye hatua ya kwanza ya kurudi ndicho mchezo wenyewe. Bila geji, kata duara: likitoka na sehemu bapa pale mhimili unapogeuza mwelekeo, jibu umelipata. GRBL haina mpangilio wa kufidia mchezo huo, kwa hiyo lazima uondolewe kwenye chuma. Nati pacha yenye springi katikati ilinimalizia tatizo hilo, na hicho ndicho kifaa cha kwanza ninachokipendekeza kwa yeyote, kabla ya mota kubwa au leza.

Tatizo lililonichosha zaidi ni mashine kusimama katikati ya kazi na mawasiliano kukatika. Niliendesha faili lilelile hewani, mota ya biti ikiwa imezimwa, likafika mwisho. Nikalirudia hewani mota ikiwa imewashwa, likakatika. Kwa hiyo si faili, si kompyuta kulala, ni usumbufu wa umeme unaotoka kwenye brashi za mota. Nilitenganisha waya za mota hiyo na kebo ya USB, nikaweka kapasita ndogo ya kauri kwenye ncha zake mbili, nikanunua kebo fupi yenye ngao na feraiti. Tangu hapo imetulia. Usumbufu huohuo ndio huleta ALARM:1, onyo kwamba behewa limegonga mwisho, kwa waliofunga swichi za mwisho wa mhimili, hata behewa likiwa katikati ya meza.

Tofautisha hilo na kupoteza hatua. Hapo mashine haisimami, inaendelea kukata kwa bidii, ila tabaka la pili linaanzia pembeni ya la kwanza. Nilipunguza kasi ya juu kwenye $110 na $111 na mchapuko kwenye $120 na $121, yaani za X na Y, na pale mota ya Y ilipoendelea kugoma nikapima mkondo wa dreva yake, kile kijibodi kinachoilisha mota umeme. Kwa dreva za aina ya A4988 zenye vipingamizi vya ohmu 0.1, volti unazopima kwenye kirekebishi, kile kiskrubu kidogo juu yake, ni mkondo unaoutaka mara 0.8, hivyo ampea moja ni volti 0.8. Zungusha taratibu kwa bisibisi ya kauri au plastiki, na usipandishe bila kipoza joto na feni.

Kwa bodi za saketi hakuna kinachosaidia kama ramani ya kimo. Tabaka la kawaida la shaba lina unene wa maikroni 35 tu, na meza ya MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) haiwezi kuwa bapa kiasi hicho. Unaunganisha waya mmoja kwenye biti na mwingine kwenye shaba, programu inagusa sehemu nyingi na kurekebisha kina kulingana na kila mahali. Biti ya V ya nyuzi 30 yenye ncha ya milimita 0.1 inachora mfereji wa kama milimita 0.15 ikizama 0.1. Ikizama 0.2, mfereji unapita 0.2 na njia nyembamba zinaanza kuliwa. Hapo vaa barakoa na vuta vumbi, kwa sababu vumbi la bodi hizo ni nyuzi za kioo.

Plaiwudi inakatika vizuri kwa kina cha milimita 1 kila mpito na mwendo wa milimita 500 hivi kwa dakika, biti ikiwa kali. Alumini inawezekana, kwa kina cha milimita 0.1 hivi na subira nyingi, lakini mwenye kazi za alumini za kila wiki anunue mashine nzito zaidi, maana fremu hii inatetemeka na kelele yake inakuambia hivyo. Miwani ya kinga nayo si ya hiari, na glavu zisikaribie biti inayozunguka.

Matunzo ni mepesi. Nafagia skrubu kwa brashi kila baada ya kazi na kupaka kilainishi kikavu, kwani grisi hushika unga wa mbao ukawa msasa unaokula nati ya shaba. Bolti za behewa hulegea kwa mtikisiko, hivyo huzipitia kwa ufunguo kabla ya kila kazi ndefu, na hasa zile mbili za nyuma zinazoshika mota ya biti, ambazo hazionekani mpaka uiname.