Usafi wa jimu: mfanyakazi wako mwenyewe au kampuni ya usafi?

Mwanachama anayekuta benchi limelowa jasho la mwenzake mara nyingi halalamiki. Halipii tu mwezi unaofuata, na mwenye jimu hubaki akidhani kilichomkimbiza ni ada. Ndiyo maana swali la nani asafishe ni swali la mapato.

Kwa gharama, kampuni hutoza kiasi kinachojulikana mapema, nayo ndiyo hugharimia dawa na mashine kama mkataba unavyoeleza, ilhali mwajiriwa huhitaji mshahara, mafunzo na mtu wa kumshikia zamu anapougua.

Katika uhakika wa kazi, mizani hubadilika kwa saa. Kampuni nyingi huja jimu ikiwa imefungwa, nao ni wakati mwafaka wa kusugua mifereji ya vigae bafuni, ambako fangasi wa miguu hustawi. Lakini jasho humwagika jioni, watu wakiwa wamejaa, na hapo mwajiriwa aliyepo hana mbadala. Yeyote utakayemchagua, mwulize kuhusu dawa ya kuua vijidudu: uchafu hutolewa kwanza, kisha dawa huachwa ikiwa mbichi kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa. Kupuliza na kufuta papo hapo ni kupoteza dawa.

Kuhusu utunzaji wa vifaa, namwamini zaidi mwajiriwa, kwa sababu ndiye huona ngozi ya benchi ilipochanika na sponji kuanza kunyonya jasho.

Jimu ndogo isiyo na mabafu inaweza kutosheka naye. Yenye mabafu mengi na inayofunguliwa alfajiri itahitaji kampuni usiku, pamoja na mtu mmoja wa zamu ya jioni.