Shamba darasa la Uluguru: bibi aliambiwa amealikwa kushiriki, siyo kufundisha

Nilikwenda mafunzo ya kilimo kwenye shamba darasa moja la milima ya Uluguru. Nianze na lililonikera, maana mengine yote mtayakuta kwenye vipeperushi vyao.

Siku ya tatu ya mafunzo tulikuwa kwenye mteremko nyuma ya bweni, tunapima kontua, yaani mstari wa usawa unaokatiza mteremko, ili tuchimbe fanya juu, ule mtaro ambao udongo wake unatupwa upande wa juu uwe tuta. Mnaoifanya kazi hii mnaijua fremu A: miti miwili inakutana juu, wa tatu unakatisha katikati, kamba yenye jiwe inaning'inia. Kamba ikitulia kwenye alama, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Unapiga kigingi, unasogea mbele. Ile yao ilikuwa imefungwa kwa katani, na asubuhi hiyo ilianguka kutoka kwenye pikipiki. Nililiona fundo la mguu mmoja limelegea. Mwalimu akalikaza kwa mkono, akaendelea na alama ileile ya zamani.

Siku hiyo majirani wa shamba walikuwa wamealikwa. Wenyewe wanaiita siku ya ushirikishwaji wa jamii, na wameiandika kwa herufi kubwa kwenye ubao wa getini. Walikuja kama kumi na tano, wengi akina mama, na kati yao bibi mmoja mtu mzima sana, khanga kiunoni, miguu peku. Aliviangalia vile vigingi vya mwanzo, akainama kidogo, akaviangalia tena. Kisha akasema, kwa upole kabisa: "Mwanangu, hebu kigeuze miguu hicho kifaa, wa kushoto uje kulia, uone kamba itakaa wapi."

Na ndivyo inavyotakiwa! Fremu ikishatikisika unaipima upya: miguu juu ya vigingi viwili, unatia alama kamba inapopita, unaigeuza juu ya vigingi vilevile, unatia alama ya pili, na katikati ya hizo mbili ndipo penye usawa. Dakika tano haziishi. Yule mwalimu, kijana tu, akamjibu mbele yetu sote: "Bibi, wewe umealikwa kushiriki, siyo kufundisha. Tuna ratiba."

Nimeyaandika kama alivyoyatamka kwa sababu hayajanitoka masikioni. Bibi hakujibu. Alifunga khanga yake upya, akarudi nyuma ya wenzake. Nami nilinyamaza, na hilo linaniuma mpaka leo, maana mimi mwenyewe nimelelewa na bibi yangu.

Tukachimba mpaka jua linazama. Usiku mvua ikapiga, masika ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Asubuhi tukakuta maji yote yamekimbilia upande mmoja wa mtaro, yamejaa pembeni, yamelibomoa tuta na kuteremka na udongo mwekundu hadi kwenye bustani ya mchicha ya mama mmoja kati ya wale wale waalikwa wa jana. Mtaro ule kazi yake kubwa ni kuzuia udongo usiondoke. Mwalimu akasema mvua ilikuwa kubwa kupita kiasi, tukaingia darasani kusoma afya ya udongo. Sikumwona mtu yeyote wa shamba akishuka kwenda kumpa pole yule mama.

Watu wa milima hii si wa kufanyiwa hivyo. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakate matuta ya ngazi, na mwaka 1955 kule Matombo wakaasi. Kwenye miteremko ile udongo wenye rutuba ni mwembamba. Ukikata ngazi unaufukia huo mzuri na kuleta juu ule usioota kitu. Wakulima waliliona hilo kwa macho yao, wakalisema. Halafu leo unaweka ubao wa ushirikishwaji getini na kumnyamazisha bibi wa palepale?

Nilipofika nyumbani Gairo niliapa nitaandika maneno mawili tu: msiende. Ada niliyolipa haikuniuma kama lile jibu.

Lakini nitakuwa mwongo nikisema sikupata kitu. Shamba langu lilikuwa limechoka, mahindi yanatoka na rangi ya njano kama yameugua, na korongo linakula ukingo kila mwaka. Kule kuna kibarua mmoja, mtu wa makamo, hajawahi kutambulishwa kwetu kama mwalimu. Jioni moja alituita pembeni ya lundo la mboji, akachomoa fimbo aliyokuwa ameichomeka katikati, akatupa tuishike mmoja mmoja. Ikiwa ya moto na ina unyevu, mboji inaiva vizuri. Ikiwa ya moto lakini kavu, na imeshika unga mweupe, inadai maji. Ikiwa baridi, fumua upange upya, uongeze samadi na majani mabichi. Nilipotengeneza yangu kwa mabua, samadi ya mbuzi na majivu kidogo, siku chache baadaye nikachomoa fimbo na ilinichoma kiganja. Nilimwita mke wangu aje aishike naye. Sasa hivi nimepanda marejea, mmea wa kurutubisha udongo, kati ya mistari ya mahindi, na jirani zangu wawili wameshaniomba mbegu.

Kwa hiyo nimejifunza, tena sana. Na hapo ndipo hasira inaponirudia, kwa sababu aliyenifundisha ni kibarua, na aliyeiona fremu mbovu ni mwalikwa. Hakuna hata mmoja wao aliyetajwa siku ya kugawa vyeti. Nilipiga simu ofisini kwao. Dada aliyepokea alinisikiliza vizuri, akaahidi kulifikisha. Imepita miezi.

Nendeni, basi. Nimebadili neno langu. Ila mkifika mtafuteni mtu wa mboji, na mkitoka getini shukeni kulia hadi kwenye migomba.

Huko ndiko kwa bibi. Siku ya mwisho nilikwenda kumwamkia. Akanipokea, "Marahaba baba," akanizungusha shambani kwake: majani ya tembo yamepandwa kwa mistari ya kukinga maji, fiwi, zile jamii ya maharage, zimepanda kwenye mabua ya mahindi, migomba imejaza pale palipokuwa na korongo. Akanieleza kwamba baba yake alikuwa miongoni mwa waliochimbishwa yale matuta ya mkoloni. "Nao walikuja na vigingi," akasema. Halafu akaniuliza kama mtaro umeshazibwa. Nikamwambia bado. Akasema Jumamosi atapanda na wajukuu zake wawili na majembe, maana mvua nyingine ikipita pale, mchicha wa mwenzake ndio basi tena.