Intakula ya mbele ya mtumba: niliyoijutia na niliyoifunga

Forester yangu ya mwaka 2006, yenye turbo (pampu inayosukuma hewa ndani ya injini) na injini ya lita 2, ilitoka kiwandani na intakula, kifaa cha kupoza hewa hiyo kabla haijaingia kwenye injini, iliyolazwa juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Mpangilio huo hufaa gari likiwa katika mwendo. Lakini kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa jioni, hewa haipiti tunduni, joto la injini huipanda kutoka chini, na kifaa kilichowekwa kupoza hewa huanza kuipasha. Mwinuko wa Nairobi nao, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huongeza adha: hewa ni nyepesi, hivyo turbo huisukuma zaidi ili kufikia presha ile ile, na hewa iliyosukumwa zaidi hutoka moto zaidi. Ndipo nikatafuta intakula ya mbele, ile inayokaa nyuma ya bampa na kutangulia rejeta.

Ya kwanza niliinunua kwa shilingi 18,000 katika duka moja la Barabara ya Kirinyaga. Muuzaji aliusifia ukubwa wake, nami nikauamini ukubwa huo bila kuchungulia ndani. Fundi alipoimiminia mafuta ya taa na kuitikisa, yalitoka mafuta meusi ya injini pamoja na chembe za chuma zinazometameta, dalili kwamba turbo ya gari ilikong'olewa ilisagika na vumbi lake likaishia humo. Chembe hizo hunasa katika vijia vyembamba. Unaweza kuosha siku nzima na bado moja ikabaki ikiingojea injini yako. Muuzaji alinionyesha risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. (Gerejini husemwa kwa mzaha kwamba usipoikagua intakula, itakula kwako. Sikuwa na la kujibu.) Niliiuza kama alumini chakavu, kwa kilo.

Ya pili niliipata kwa mfanyabiashara wa Eneo la Viwanda anayeuza vipuri vilivyotumika kutoka Japani. Aliitaja kuwa ya Lancer Evolution, gari ambalo lilikuwa likitoka kiwandani na intakula ya mbele, na akataka shilingi 32,000. Safari hii nilikwenda na kitambaa cheupe. Nilikipitisha mdomoni mwa kifaa kikatoka na utando mwepesi wa mafuta tu, jambo la kawaida kwa gari lolote la turbo. Kisha tuliziba mdomo mmoja, tukaingiza hewa ya kompresa kupitia wa pili hadi presha ya psi 20, na kuizamisha katika pipa la maji. Hapakutoka hata povu moja. Nilikagua pia mishono inayounganisha matangi ya pembeni na sehemu ya kati, kwa sababu palipopakwa gundi ya chuma pana ufa uliofichwa. Vipezi, vile vibati vyembamba vya kupozea, vilivyolala havikunitisha: nilivinyoosha nyumbani kwa bisibisi ndogo.

Bei hiyo haikujumuisha mabomba. Mabomba ya alumini ya milimita 63, mipira ya kuunganishia na klipu vilinigharimu shilingi 15,000 zaidi, na anayelinganisha bei za maduka bila kuhesabu hayo anajidanganya. Fundi alitaka kukata mhimili wa chuma ulio nyuma ya bampa ili kupata nafasi; nilikataa, maana huo ndio unaopokea kishindo gari likigonga, naye akahamisha vishikizo.

Siku ya kwanza gari lilitoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Klipu moja ilikuwa imelegea: kihisi hupima hewa kabla ya turbo, kwa hiyo hewa iliyovuja njiani ilikuwa imeshahesabiwa, na petroli ikamwagwa kwa hesabu hiyo. Tuliikaza, moshi ukaisha.

Nimepanda kutoka Mai Mahiu hadi Limuru na abiria watatu, na nguvu ya mwisho wa mlima ilikuwa ile ya mwanzo. Nilipoegesha, bomba la kuingilia halikushikika, ilhali la kutokea lilikuwa vuguvugu. Geji ya presha ya turbo bado hufika bar 0.8 kama zamani, ishara kwamba hewa haibanwi mno ndani. Kinachonikera ni gari kuwa zito kidogo kuitika chini ya mizunguko 2,000 ya injini kwa dakika, kwa kuwa turbo sasa ina njia ndefu ya kujaza; anayezunguka mjini tu, bila milima wala mizigo, abaki na ile ya kiwandani. Kifaa nakipa nyota nne kati ya tano, na duka la Eneo la Viwanda tano kamili, kwa sababu ya lile pipa la maji.