Mihadhara ya sauti kuhusu tiba ya wazimu katika karne zilizopita: tathmini ya muuguzi

Nimemaliza kusikiliza mihadhara yote 12 ya mfululizo huu, mingine mara mbili. Kwa kuwa nimefanya kazi ya uuguzi katika wodi ya wagonjwa wa akili kwa miaka mingi, niliianza kwa hamu iliyochanganyika na wasiwasi, maana historia ya fani yetu aghalabu husimuliwa kama mlolongo wa minyororo na maji baridi, na msikilizaji huachwa akishukuru tu kwamba hakuzaliwa zama zile. Mfululizo huu, kwa sehemu kubwa, umeuepuka mtego huo.

Kinachoupa thamani ni desturi ya mhadhiri ya kuieleza hoja ya daktari kabla ya kukionyesha kiwembe chake. Mihadhara miwili ya mwanzo inafafanua nadharia ya Wagiriki ya majimaji manne ya mwili, yaani damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi, ambayo Galen, daktari mashuhuri wa kale, aliipanga vizuri kiasi kwamba ilitawala tiba kwa zaidi ya miaka 1,000 baada yake. Ukishaelewa kwamba mtu mwenye huzuni isiyoisha alihesabiwa kuwa amezidiwa na nyongo nyeusi, hutashangaa tena kwa nini aliumikwa, akanyweshwa haluli na kutapishwa: daktari alikuwa akipunguza kilichozidi, na mgonjwa wa homa aliyelala chumba cha pili alitibiwa vivyo hivyo.

Hapa, hata hivyo, nina neno na mfasiri wa mihadhara hii. Kila penye melankolia, jina la kale la maradhi ya nyongo nyeusi, yeye ameweka sonona, toka mwanzo hadi mwisho. Sonona tunayoiandika leo kwenye faili la mgonjwa ni ugonjwa mmoja unaojulikana, ilhali melankolia ya madaktari wa kale ilibeba pia hofu zisizo na sababu na imani za ajabu, kama ya yule mgonjwa anayetajwa na Galen, aliyeamini kwamba mwili wake umekuwa wa udongo wa kuchoma na akawa anawakwepa watu njiani wasije wakamvunja. Mtu huyo hakuwa na sonona. Ingetosha kuliacha neno lilivyo na kulieleza mara moja.

Mhadhara wa tatu, unaohusu hospitali za ulimwengu wa Kiislamu, ni mfupi kupita kiasi. Hospitali ya Mansuri ya Cairo, iliyofunguliwa mwaka 1284, inapewa sentensi chache, na ile ya Edirne iliyojengwa na Sultani Bayezid II mwaka 1488, ambako wagonjwa walipigiwa muziki na kusikilizishwa mchirizi wa maji, inapitwa kama kituo ambacho basi halisimami.

Mhadhiri anatua Bethlem, hospitali ya London iliyoanza mwaka 1247 kama nyumba ya watawa, na hapo ndipo kazi yake inapong'aa. Kuanzia mwaka 1728 nafasi ya daktari mkuu ilishikwa na ukoo mmoja, wa akina Monro, baba akimrithisha mwana kwa vizazi vinne. Thomas Monro alipohojiwa na kamati ya Bunge la Uingereza mwaka 1815, alieleza bila kuona haya kwamba wagonjwa walitolewa damu ulipofika mwezi wa Mei, kisha wakatapishwa mara moja kwa wiki kwa majuma kadhaa, kisha wakaharishwa, na kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za baba yake. Nilisimamisha sauti nikarudia kipande hicho. Tiba ilifuata kalenda, wala haikujali nani anaumwa nini, na kinachotia hofu zaidi ni utulivu wa daktari anayesema hivyo.

Kitini kinachoambatana na mihadhara kina mchoro wa James Norris, mgonjwa aliyekutwa Bethlem mwaka 1814. Pete ya chuma imezunguka shingo yake, mnyororo mfupi umeiunganisha na nguzo ya chuma iliyosimama ukutani, na ukanda mwingine wa chuma umembana kiwiliwili pamoja na mikono, hivi kwamba aliweza kusimama au kulala chali tu. Alikaa hivyo kwa takribani miaka 10. Mhadhiri hapandishi sauti anapoyasimulia haya, na ninampongeza kwa hilo. Norris alifunguliwa, akafariki mwanzoni mwa mwaka uliofuata.

Kisa cha Mfalme George wa Tatu wa Uingereza kimesimuliwa kwa ustadi pia. Mwishoni mwa mwaka 1788 aliitwa Francis Willis, kasisi aliyekuwa pia daktari. Mfalme alifungwa kwa koti la kubana mikono, na miguu yake ikapakwa dawa za kutoa malengelenge ili sumu itoke. Mapema mwaka 1789 akapata nafuu, sifa zikamwendea Willis, na tiba yake ikapata umaarufu ambao haukupungua hata pale ugonjwa uliporudi.

Kasoro kubwa kuliko zote iko katika mhadhara wa tisa. Unaanza na mchoro wa mwaka 1876 unaomwonyesha daktari Mfaransa Philippe Pinel akiwafungulia minyororo wanawake wa Salpêtrière, hospitali ya Paris, kisha unausimulia kana kwamba mchoraji alikuwepo. Aliyewavua minyororo wanaume wa Bicêtre, hospitali nyingine ya Paris, mwaka 1797 ni Jean-Baptiste Pussin, wakati Pinel ameshahamia Salpêtrière. Pussin hakuwa daktari. Alikuwa mtengeneza ngozi aliyelazwa Bicêtre akiumwa, akapona, akabaki humo hadi akawa msimamizi wa wagonjwa pamoja na mkewe, na Pinel mwenyewe alikiri kwa maandishi kwamba alijifunza mengi kwake. Mhadhiri anamtaja mara moja tu, kama msaidizi. Sisi wauguzi tunaokesha wodini tumezoea kutotajwa, lakini katika kazi ya kihistoria hilo ni kosa, si suala la heshima pekee.

Kosa hilo linakaribia kurudiwa kwa York Retreat, nyumba ya wagonjwa wa akili katika mji wa York, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1796 na William Tuke, mfanyabiashara wa majani ya chai, baada ya mwanamke wa dhehebu lake la Wakweka kufa katika hospitali ya wendawazimu ya mji huo. Hapa, kwa bahati nzuri, ushahidi umeachwa useme wenyewe: daktari wa kwanza wa nyumba hiyo alijaribu dawa zilizosifiwa wakati ule, akaona kwamba nyingi hazisaidii, isipokuwa maji ya uvuguvugu kwa wenye huzuni, na kwa wale wenye ghasia wasiopata usingizi, mlo mzito wa jioni wenye nyama, mkate na bia nyeusi.

Mihadhara mitatu ya mwisho inakimbia, kutoka kiti cha kutuliza cha daktari Mmarekani Benjamin Rush, ambacho mgonjwa alifungwa asitikisike, hadi malaria ambayo daktari wa Austria Wagner-Jauregg aliwaambukiza wagonjwa kama tiba, na ningeifupisha iwe mmoja ili Cairo na Edirne wapate nafasi yao. Sauti ni safi, kitini kinasomeka vizuri kwenye simu, na sitasita kuwashauri wanafunzi wa uuguzi wausikilize, ili mradi waambiwe mapema habari ya Pussin. Kipande cha York niliwachezea wenzangu wa zamu ya usiku, na mmoja wao, akiwa ameshika trei ya dawa za saa nne, akauliza iwapo mlo wa jioni unaweza kuandikwa kwenye cheti.